Amsho la Ikuvala

Moyo wa Mzee Mahenge ulikuwa na uzito wa gramu mia sita na kumi. Dkt. Ambwene Luvanda aliupima mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani mizani imekosea. Moyo wa mtu mwenye umbo la Mzee Mahenge ulitakiwa kuwa nusu ya hapo. Huu ulikuwa umevimba na kulegea, na ulipoguswa ulibonyea kama kiazi kilichopigwa na barafu shambani.

Alikata kipande chembamba, akakitia rangi, akakiweka chini ya darubini. Nyuzi za misuli zilikuwa zimekatikakatika. Katikati yake zilijaa seli ndogo za mviringo, maelfu kwa maelfu, zimebanana hata hapakuwa na nafasi. Hazikuwa bakteria. Hazikuwa saratani. Zilikuwa seli T, askari wa damu ya Mzee Mahenge mwenyewe, na ndizo zilizomuua.

Siku kumi na moja kabla ya hapo, Mzee Mahenge alikuwa mmoja wa watu tisa wa kwanza kuchomwa sindano ya Amsho katika Kituo cha Ikuvala. Kwa miaka kumi na saba hapakuwa na dawa. Waliopatikana na kirusi cha Mzizi waliletwa huku juu, kwenye uwanda wa baridi ambako hata mahindi hayakomai, wakafungiwa nyuma ya uzio na kulima viazi. Aliyevuka homa ya mwanzo hakuugua sana. Alikohoa kidogo, alichoka mapema, alizeeka kabla ya wakati. Lakini kirusi hakikutoka mwilini, na pumzi yake iliweza kumuua mtu mzima wa nje ndani ya wiki. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: anayetaka kutoka Ikuvala apate sifuri tatu, siku tatu mfululizo za damu isiyo na kirusi hata kimoja. Hakuna aliyewahi kuzipata.

Sasa, kati ya wale tisa, sita walikuwa wamezipata na kuondoka. Wawili dawa haikuwagusa. Mzee Mahenge alipata sifuri yake ya kwanza siku ya saba, akaimba korido nzima, na siku ya kumi na moja, akingoja gari la nyumbani, akaanguka akifunga kamba za viatu.

"Sita kati ya tisa, Daktari," alisema Bwana Shomvi, mkurugenzi wa kituo, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha maiti bila kutaka kuingia. Alikuwa mtu wa pwani, na baridi ya Ikuvala ilikuwa imemfanya avae makoti mawili. "Mamlaka imefurahi mno. Wanataka wote mia nne na kumi na wawili wachomwe kabla ya masika, kituo kifungwe."

"Na watakaobaki na kirusi?"

"Kisiwani. Unajua."

Alijua. Kisiwa kilikuwa katikati ya ziwa, mwendo wa siku mbili. Hapakuwa na chumba cha wageni huko, wala ukuta wa kioo wa kuonana na ndugu kama huu wa Ikuvala. Aliyepelekwa hakuonwa tena.

"Bwana Mkurugenzi, kirusi kilikuwa ndani ya moyo wa mzee huyu miaka yote. Na seli zake T zilikuwa humo humo, kando ya kirusi, zimechoka. Tumeziamsha, zikafanya kazi yake."

"Si ndicho tulichokitaka?"

"Seli T haikifukuzi kirusi nyumbani. Inaivunja nyumba kinamokaa. Nyumba yenyewe ikiwa ini, ini litaota tena. Ikiwa moyo, haurudi."

Bwana Shomvi alitazama ile meza ya chuma, kisha akatazama pembeni. "Wako wangapi wenye moyo kama huu?"

"Sijui. Nipe wiki tatu."

*

Wiki tatu zilimtosha. Seli T zilizokaa muda mrefu moyoni, Ambwene aligundua, huwa na alama fulani kwenye utando wake, na chache hupotea njia na kuingia kwenye damu. Alitengeneza rangi ya kuishika alama hiyo, akazipitisha sampuli za watu wote kwenye mashine ya kuhesabu seli, moja baada ya nyingine, mpaka macho yakamwasha. Katika damu ya Mzee Mahenge, iliyohifadhiwa kabla ya sindano, seli kumi na tisa katika kila mia zilizokitambua kirusi zilikuwa na alama ya moyo. Katika damu za wale sita waliotoka salama hakukuwa na hata moja.

Watu hamsini na saba walikuwa na alama.

Mamlaka ilijibu kwa barua ya aya moja. Wasio na alama waendelee kuchomwa. Hao hamsini na saba waelezwe ukweli, kila mmoja peke yake, kisha achague mwenyewe: Amsho au Kisiwa. Dkt. Luvanda ndiye atakayewaeleza.

Aliwaeleza. Aliwaita ofisini mmoja mmoja, siku baada ya siku, akaongea nao kupitia spika ndogo ya kofia yake ya hewa. Wengine walilia. Mmoja alicheka, akamwambia anatania. Arobaini walichagua Kisiwa. Kumi na sita walichagua sindano, na Ambwene akawachoma kwa mkono wake. Walipofika siku ya kumi na mbili, kumi na wanne kati yao walikuwa wamezikwa nyuma ya shamba la pareto.

Alibaki mtu mmoja ambaye hakuwa ameitwa. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha, kwa sababu kiwango chake kilikuwa cha juu kuliko cha wote, na Ambwene alikuwa ameliruka kila siku.

*

Atuganile Tweve alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya Mzizi. Alishikwa na homa akiwa na mimba ya miezi minane. Mumewe alifia wodini wiki hiyo hiyo. Mtoto alitolewa kwa upasuaji ndani ya hema la plastiki, akapitishwa dirishani na kuchukuliwa, naye mama akaletwa Ikuvala na kidonda kibichi. Mtoto hakuwa na kirusi. Aliitwa Sekela, akalelewa na bibi yake huko bondeni, na mara tatu kwa mwaka aliletwa kwenye kioo. Atuganile alimfundisha kusoma kupitia kioo hicho. Alimfundisha kugawanya, kisha aljebra, akiandika kinyumenyume juu ya kioo ili mtoto asome kwa mbele.

Ambwene alifika mwaka uliofuata, kwa mkataba wa miezi kumi na miwili. Alikaa miaka kumi na sita. Watu walipomuuliza sababu alitaja utafiti. Ukweli ni kwamba hakuwa na mtu mwingine duniani aliyeweza kukaa naye kimya saa nzima bila kuchoshana, ila mwalimu huyu aliyejitolea kusaidia wodini. Sekela, tangu alipoanza kusema, alimwita Ambwene mama mkubwa.

Walikaa kwenye benchi nyuma ya ghala la viazi, saa nne asubuhi, umande bado haujakauka.

"Watu hamsini na sita umewaita ofisini," Atuganile alisema. "Mimi umenileta nyuma ya ghala."

"Mwalimu..."

"Ni ngapi?"

"Thelathini na moja kwa mia."

Atuganile aliitikia kwa kichwa, kama aliyesomewa alama za mwanafunzi. "Sasa nieleze. Lakini nieleze na njia, usinipe jibu tupu."

Ambwene alivuta pumzi, kofia ikanguruma. "Seli T huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, lakini zikizaliwa hazijui kitu. Zinahamia hapa." Alijigusa kidarini. "Nyuma ya mfupa huu kuna tezi, inaitwa thaimasi. Humo zinapewa mitihani miwili. Wa kwanza: unaweza kutambua chochote? Isiyoweza inakufa. Wa pili: unamshambulia mwenye mwili? Inayoshambulia inakufa. Katika mia, zinafaulu mbili au tatu."

"Shule kali."

"Na inafungwa mapema. Kwa umri wetu tezi hiyo imebaki mafuta tu. Tulizonazo ndizo hizo hizo, zinajigawa zenyewe."

"Haya. Na zangu?"

"Zako zilikitambua kirusi vizuri sana. Zikajizidisha kwa mamilioni, zikakipiga, ndiyo maana hukufa. Ugonjwa wa kawaida ungeisha wiki mbili, zikapumzika. Huu haukuisha. Kila siku zinaitwa kazini. Mwezi, mwaka, miaka kumi na saba. Seli inayoitwa hivyo bila likizo inaota breki juu ya ngozi yake, nyingi mno. Kwanza inaacha kujigawa. Halafu inaacha kutoa sumu yake. Haifi, lakini inabaki imekaa tu pale kirusi kilipo. Nyuma yake kuna chache ambazo bado zina nguvu, mimi naziita seli mbegu. Amsho inazifungulia breki hizo chache, zinazaa jeshi jipya."

"Na jeshi jipya linakwenda moyoni kwangu."

"Ndiyo."

Atuganile aliokota kiazi kilichokuwa kimeachwa chini ya benchi, akakifuta udongo kwa kidole gumba. "Kumbe hizi zilizochoka ndizo zimeniacha hai mpaka leo."

"Ukibaki ulivyo unaweza kuishi miaka ishirini."

"Kisiwani."

"Kisiwani, ndiyo. Lakini hai."

"Ngoja nipige hesabu," alisema Atuganile. "Sifuri ya kwanza siku ya saba. Ya tatu siku ya tisa, natoka. Mzee Mahenge alikufa siku ya kumi na moja. Hawa kumi na wanne nimewahudumia mwenyewe, wengi walikwenda kati ya kumi na kumi na mbili. Kwa hiyo nina siku mbili. Labda tatu."

"Siku mbili kwa miaka ishirini, Mwalimu? Hesabu gani hiyo?"

"Sekela ana miaka kumi na saba. Sijamshika hata siku moja. Najua meno yake yote yalivyoota, lakini nywele zake sijui ni laini au ngumu." Alikirudisha kiazi chini. "Nichome, dada. Nimechagua."

*

Siku ya sindano Ambwene aliingia peke yake chumba cha dawa. Kichupa chenye jina la Atuganile Tweve kilikuwa kwenye friji, mwisho wa safu. Alikishika mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akakirudisha, akachukua kichupa cha maji ya chumvi yanayotumika kusafishia mishipa, akajaza bomba la sindano kwa maji hayo. Alifanya haya bila kusita. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Alijiambia wengine dawa haiwagusi. Hata kwenye kundi la kwanza wawili haikuwagusa, seli zao zilikuwa zimechoka kupita kiasi. Atuganile ataamini yeye ni mmoja wao. Atakwenda Kisiwani na huzuni, lakini atakwenda akipumua.

"Kidogo kidogo," Atuganile alisema akikunja mkono wa gauni. "Mshipa huo una tabia ya kukimbia."

Ambwene alimchoma. Kwenye fomu akaandika: Amsho, dozi kamili.

Siku ya saba kipimo kilionyesha virusi vile vile. Siku ya nane, vile vile. Sekela alikuwa ameletwa na bibi yake na kupangiwa chumba cha wageni. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusimama na mikono nyuma. Alikuwa amekuja na nguo ya mama yake ya kuondokea, kitenge kipya, kimekunjwa ndani ya mfuko. Siku ya tisa Ambwene alimwambia kwamba dawa haikufanya kazi. Sekela aliuliza swali moja tu: magari ya Kisiwani yanaondoka lini.

"Jumatatu ijayo."

"Basi nitakaa mpaka Jumatatu, mama mkubwa. Niwe namwona."

*

Atuganile aliingia maabara kesho yake bila kubisha. Mgonjwa hakuruhusiwa kupita mlango ule. Ambwene alikurupuka kuvaa kofia yake ya hewa.

"Vaa vizuri, sina haraka," alisema Atuganile, akasubiri mpaka kofia ikafungwa. Kisha akasema, "Sikupata homa."

"Wengine hawapati."

"Wote wanapata. Wale tisa, wale kumi na sita, na mamia ya hawa waliofuata, nimewafuta jasho mimi. Siku ya tatu homa, siku ya nne viungo. Hata wale isiowafaa walipata homa siku moja. Mimi nimelala kama mtoto." Alisimama upande wa pili wa meza, kati yao ile mashine ya kuhesabu seli ikinguruma. "Ulinichoma nini?"

Ambwene angeweza kudanganya. Alikuwa na maneno tayari. Lakini alipofungua kinywa yalimkimbia yote.

"Maji ya chumvi."

Nje mtu alikuwa akisukuma toroli la viazi, gurudumu likipiga kelele, likapita, likaisha.

"Wengine nao uliwapa maji?"

"Hapana."

"Wale kumi na wanne?"

"Niliwapa walichochagua."

"Yule kijana wa Tukuyu aliyekuwa na watoto wawili. Bi Nkwama. Hao uliwaheshimu. Ulikaa nao ukawaeleza, wakasema, ukawasikiliza, ukawachoma, wakafa. Mimi ukanichagulia."

"Nisingeweza kukuua kwa mkono wangu, Atu."

"Na wao uliweza."

Ambwene aligeukia ile mashine.

"Miaka kumi na saba," Atuganile alisema, na sauti yake, ambayo ilizoea kufika mpaka dawati la nyuma, sasa ilikuwa ndogo, "kila kitu nimechaguliwa. Mahali pa kulala, saa ya kula, mwanangu alelewe na nani. Nilipata kitu kimoja cha kuchagua. Mwanangu alisimama pale kwenye kioo siku tatu akisubiri, Ambwene. Na kitenge mkononi. Nawe ulikuwa unajua."

"Nilitaka uishi."

"Ulitaka niishi kwa ajili ya nani?"

Hilo lilimwingia Ambwene mahali asipokuwa na kinga. Jibu alilijua, na halikuwa zuri.

"Kichupa changu bado kipo?"

"Kipo."

"Basi kilete. Jumatatu ni karibu mno, kwa hiyo waambie dozi ilikuwa mbovu, wanisubirishe. Uliandika uongo mmoja, andika wa pili."

Ambwene alikwenda kwenye friji. Safari hii alisita, sindano mkononi, mpaka Atuganile akamshika mkono kwa juu ya glavu, akauongoza kwenye mshipa.

*

Homa ilikuja siku ya tatu. Ilimshika Atuganile kwa nguvu hata kitanda kikawa kinagongagonga ukuta. Kwenye mashine, seli zilizokuwa zimekaa kimya miaka yote zilianza kujigawa. Mbegu chache zikawa elfu, elfu zikawa laki. Virusi vikaporomoka. Siku ya sita vilibaki vichache vya kuhesabika.

Siku ya saba, sifuri.

Ambwene alirudia kipimo mara tatu. Kila mara, sifuri. Kisha akasoma karatasi ya pili, ile ya protini za moyo zinazovuja kwenye damu misuli inapovunjika. Zilikuwa zimepanda mara arobaini kwa siku moja. Kwa Mzee Mahenge zilifika hapo siku ya kumi.

Thelathini na moja kwa mia. Alipaswa kujua kwamba siku nazo zingepungua.

Asubuhi ya siku ya nane midomo ya Atuganile ilikuwa imegeuka rangi. Alipumua kwa vipande. Mapigo yalikwenda, yakasita, yakakimbia kufidia. Aliuliza kwa macho, na Ambwene akamwambia ukweli.

"Sifuri moja unayo. Ya pili natarajia leo. Ya tatu kesho. Sidhani kama utaifikia."

Atuganile alifumba macho. Ambwene akaona kwamba hakuwa na hata pumzi ya kukasirika.

Ambwene alikwenda chumba cha wageni. Sekela alikuwa amesimama kwenye kioo, mikono nyuma. Bibi yake alikuwa amejifunika blanketi kwenye kiti, ameshika biblia bila kuisoma.

"Sikiliza, mwanangu," Ambwene alisema. "Mama yako anakufa leo. Damu yake jana ilikuwa safi, ya leo sijamaliza kuipima. Sheria inataka siku tatu, na inataka hivyo kwa sababu: kirusi kinaweza kujificha siku moja kikarudi. Ukiingia mle unaweza kukipata. Ukikipata unaweza kufa ndani ya wiki, au ukabaki kama yeye maisha yako yote. Ninavyoona mimi hatari ni ndogo. Lakini si sifuri. Ukitaka kuingia nitakufungulia mlango. Ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu, hata yeye."

Bibi alinyanyuka. "Daktari, huyu ndiye niliyebaki naye."

"Najua, mama."

"Sekela. Njoo hapa."

Sekela alimtazama bibi yake, kisha akakitazama kioo. Upande wa pili, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na kioo, mama yake alikuwa amegeuza kichwa kwenye mto, akimtazama. Atuganile alinyanyua mkono kidogo, akautikisa: hapana. Aliutikisa tena. Kisha ukaanguka shukani.

"Nifungulie," Sekela alisema.

Ufunguo ulikuwa wa Ambwene na wa mkurugenzi peke yao. Mlango ulipofunguka king'ora kilianza kulia kituo kizima. Bwana Shomvi alikuja mbio na makoti yake mawili, akasimama nyuma ya kioo akipiga ngumi, mdomo wake ukitamka maneno yasiyosikika. Hakuingia. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kuingia.

Sekela hakujua pa kuanzia. Alisimama kando ya kitanda kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kisha akapanda kitandani na viatu vyake, akalala ubavu, akaweka kichwa chini ya kidevu cha mama yake. Mkono wa Atuganile ulisogea polepole mpaka ukafika kwenye nywele, ukaingia ndani yake, ukakaa humo.

Waliachwa hivyo. Ambwene alikaa sakafuni kwenye kona, mgongo ukutani. Alisikia Atuganile akisema kitu, na Sekela akijibu, lakini king'ora kilikula maneno yao yote. Saa saba na dakika ishirini mchana moyo ulisimama. Sekela alibaki alipo zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyemwambia ashuke.

*

Walimweka Sekela karantini siku arobaini, kwenye chumba kilekile. Ambwene walimweka chumba cha jirani, si kwa ugonjwa. Mamlaka ilikuwa imempa adhabu yake: atawafuata Kisiwani wale arobaini, awe daktari wao, bila likizo na bila tarehe ya kurudi. Hakukata rufaa. Kazi moja tu waliyomwachia mpaka siku ya safari ilikuwa kupima damu ya Sekela kila asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijua ile mashine.

Kila asubuhi ilikuwa safi. Ya arobaini nayo ilikuwa safi. Ambwene alimpelekea karatasi mwenyewe. Alimkuta Sekela amekwisha fungasha, kile kitenge kikiwa juu kabisa ya begi, bado na mikunjo yake ya dukani.

"Uko huru," Ambwene alimwambia. "Huna kitu."

"Asante, mama mkubwa." Aliichukua karatasi, akaisoma mpaka chini kama alivyofundishwa. "Alikuwa na joto sana. Sikujua mtu huwa na joto hivyo."

"Ilikuwa homa."

"Najua ilikuwa homa." Alikunja karatasi mara mbili. "Alinieleza habari ya maji. Ndicho alichoniambia pale kitandani. Aliniambia nisikuchukie."

Sekela aliiweka karatasi juu ya kitenge.

"Siku ile uliniuliza kama nataka kuingia. Ile ya kwanza, ya maji, hakuna aliyeniuliza mimi. Wala wewe wala mama. Mngeniuliza, ningesema aachwe na maji yake. Aende Kisiwani. Nisingemwona tena, lakini ningejua yupo. Asubuhi ningeamka nikijua ameamka."

"Haikuwa juu yako kuamua, mwanangu. Wala juu yangu."

"Najua," Sekela alisema. "Nakuambia tu, ujue."

Alifunga zipu, akatundika begi begani, akamuaga kwa adabu kama alivyofanya tangu utotoni, akatoka. Bibi yake alikuwa getini, akimsubiri na koti.